Jifue kwa Vipindi, Afande
Kazi yako haikupi nafasi ya kujipasha. Umekaa garini saa tatu, mara unamkimbiza mwizi kwenye vichochoro vya Kaptembwo hapa Nakuru, au unapandisha machela kutoka mtaroni pale Salgaa. Basi usijivute kilomita kumi kila jioni ukidhani umejiandaa. Jifue kwa vipindi: kasi kali, pumziko, kasi tena. Dakika 20, mara mbili kwa wiki, zinatosha kuanzia.

Umepita miaka 40 au una presha? Pimwa kwanza.

Pasha mwili dakika 8. Tembea upesi, jogi, zungusha nyonga, chutama taratibu. Asubuhi za Nakuru zina baridi, na msuli baridi huchanika upesi.

Siku ya kwanza, tafuta mlima; barabara ya kupanda Menengai inafaa sana. Kimbia kwa nguvu sekunde 30. Teremka ukitembea mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, halafu rudia. Anza na raundi 6. Kupanda hakuyagongi magoti sana. Kuteremka mbio ndiko kunakoyaumiza, kwa hiyo usijaribu.

Pumziko usilibane. Huenda umesikia habari za Tabata: sekunde 20 za kazi, 10 za kuhema, mara 8. Ni mfumo mzuri, ila Mjapani Izumi Tabata na wenzake, katika utafiti wao wa 1996, waliupima kwa vijana wanamichezo juu ya baiskeli za mazoezi. Wewe uko mjini karibu mita 1,850 juu ya bahari, na ukingo wa Menengai unapita 2,200. Hewa ni nyepesi. Kama umehamishwa juzi kutoka Mombasa, wiki mbili za kwanza jogi tu, hata wenzako wakikucheka.

Siku ya pili ni ya kubeba. Jaza maji mitungi miwili ya lita 20, yaani kilo 40 mikononi. Tembea nayo upesi sekunde 30, mgongo wima. Iweke chini kwa kukunja magoti, piga pushapu 10, pumzika dakika moja. Raundi 5. Ikikushinda, jaza nusu. Mbeba machela huishiwa na vidole kabla ya miguu. Muulize yeyote wa ambulensi.

Vaa raba. Buti ziingize baada ya mwezi, raundi ya mwisho tu. Zimamoto, koti lako la kazi nalo lisubiri: linafungia joto mwilini.

Ukitoka zamu ya usiku, lala. Mazoezi haya usiyafanye ukiwa umekesha. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikupata, acha papo hapo uende hospitali.

Na tafuta mwenzako wa zamu moja. Mmoja akimbie, mwingine ashike saa, kisha mbadilishane. Akikuona umeanza kuyumba, ana ruhusa ya kukusimamisha, hata kama cheo chako ni kikubwa.