Simu Mkononi, Elimu Wapi?

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Tabora kwa gari la moshi hupita Goweko, katika Wilaya ya Uyui, kabla hajafika mjini. Nchi hii haikuanza leo kupitiwa na watu na habari. Njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipita pande hizi hizi, kwa Tura, Rubuga na Kigwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi mitatu na zaidi wakichukua nguo, shanga na pembe za ndovu, na pamoja na mizigo walichukua habari. Burton na Speke, walipoingia Tabora mwezi wa Novemba 1857, walikuwa njiani siku 134 tangu pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa safari ya siku. Na leo neno latoka Dar es Salaam na kufika Goweko kabla mtu hajapepesa jicho, likamkuta mkulima katikati ya shamba lake la mahindi.

Ni jambo la kushukuru. Lakini tukumbuke jambo moja juu ya wale wapagazi. Mpagazi aliweza kubeba sanduku la vitabu kutoka pwani hata Unyanyembe asijue hata herufi moja iliyomo ndani. Kubeba si kujua. Basi sisi, ambao kila mmoja wetu hubeba mfukoni chombo chenye kuweza kufungua maktaba nzima, je, tumekuwa wasomaji, au tumebaki wapagazi?

Hebu tutoe mfano. Tuseme mzazi mmoja wa Goweko ana binti wa kidato cha pili. Hisabati zinamshinda, na mtihani wa upimaji u karibu; asiyefaulu hurudia darasa. Baba ameambiwa ya kwamba siku hizi masomo yote yamo katika simu. Auza magunia mawili ya mahindi, anunua simu janja, ampa mtoto, kisha arudi shambani akiwa na moyo mtulivu. Amefanya vema? Amefanya nusu. Nusu ya pili ndiyo tutakayo kuizungumzia leo, maana wazazi wengi huishia katika hiyo ya kwanza, na magunia yao hupotea bure.

Redio ilitufundisha nini

Hii si mara ya kwanza kwa taifa letu kutumia chombo cha mbali kufundishia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye zikaja kampeni za redio. Wazee wengi bado wanaikumbuka ile ya mwaka 1973, iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchini kote.

Walijifunzaje? Si kila mtu peke yake na redio yake. Redio zenyewe zilikuwa chache. Watu walikusanyika kwa vikundi, siku moja na saa moja ya juma, chini ya kiongozi aliyekwisha kufundishwa kazi hiyo. Walisikiliza kipindi, wakasomewa kitabu kilichochapwa kwa ajili ya somo lile, wakajadiliana: Hapa kwetu maji yakoje? Malaria hutoka wapi? Kisha wakakata shauri na kutenda. Walichimba vyoo, wakafyeka majani yaliyozunguka nyumba, wakafukia madimbwi.

Tuangalie vizuri. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Vyoo vilichimbwa kwa sababu kulikuwa na saa iliyowekwa, wenzi wa kujifunza, kiongozi wa kuwaongoza, na kazi ya kufanya baada ya somo. Mambo manne hayo ndiyo yaliyoigeuza sauti ya hewani kuwa elimu. Nasi twasema ya kwamba simu nayo yahitaji mambo manne hayo hayo.

Ushuhuda wa siku zetu

Mwaka 2007 ulianzishwa nchini mpango ulioitwa Elimu kwa Teknolojia. Katika shule za msingi zipatazo 150, mwalimu aliweza kuagiza kwa simu vipindi vifupi vya hisabati, sayansi na stadi za maisha, na watoto wakavitazama katika televisheni darasani. Hapa simu haikumwondoa mwalimu, ilimwongezea nguvu. Yeye ndiye aliyechagua somo, akalisimamisha penye ugumu, akauliza maswali, akasahihisha.

Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019 yalifanyika mkoani Tanga mashindano ya kimataifa yaitwayo Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi, yaani vile vibao vya kugusa kwa kidole vilivyo ndugu wa simu janja, vikiwa na masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamekwenda shule kamwe, na mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 hesabu ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Ni habari kubwa. Lakini nusu nyingine walibaki, nao wasisahauliwe. Tena, vijijini mle ziliwekwa mitambo ya umeme wa jua, na akina mama wa kijiji wakakabidhiwa kazi ya kuangalia vyombo vile na kuvichaji. Hata palipokuwa hapana mwalimu, palikuwa na mama.

Pengine msomaji atasema: Sisi hatuna simu janja, tuna simu ndogo ya tochi tu. Hata hiyo yaweza kufundisha. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, wala hauhitaji intaneti. Kwa njia hiyo jirani zetu wa Kenya, katika huduma ya Shupavu 291, waliwapelekea wanafunzi masomo mafupi yenye maswali. Mwanafunzi akijibu, huambiwa papo hapo kama amepata au amekosa, na aliyekwama huweza kumwuliza mwalimu. Hapa Tanzania, shirika la Shule Direct lililoanza mwaka 2013 limefuata njia ya namna hiyo kwa masomo ya sekondari. Nako kujifunza si kwa watoto tu. Mwaka 2012 ilianzishwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambayo kwayo mama mjamzito, na hata mume wake, alipelekewa bila malipo ujumbe wa kumkumbusha kliniki, chandarua, chakula na dalili za hatari. Hapo penye somo palikuwa na kazi ya kufanya: kwenda kliniki.

Walimu wenyewe nao wamo shuleni. Katika mpango wa mafunzo endelevu kazini, ujulikanao kwa jina la MEWAKA, walimu hukutana shuleni kwao au katika kituo cha walimu, wakasaidiana katika mada zinazowatatiza, na masomo mengine huyapata mtandaoni. Vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye. Ikiwa mwalimu mwenye stashahada haoni haya kujifunza kwa chombo pamoja na wenziwe, mkulima na fundi waone haya ya nini?

Hatari zilizomo

Tusifiche upande wa pili. Simu ile ile ifunguayo kitabu hufungua pia picha chafu zinazoharibu moyo wa kijana. Hufungua kamari, ambayo siku hizi imevaa jina la ubashiri wa mpira, nayo hula ada ya shule na fedha ya mbolea shilingi kwa shilingi. Huleta sauti ya mlaghai asemaye, “Tuma kwa namba hii.” Humkutanisha binti na mtu mzima asiyemjua, mwenye maneno matamu. Ndiyo maana shule zetu zinawakataza wanafunzi kuja na simu darasani, na wazazi wasiwafiche watoto wanaovunja amri hiyo.

Iko na hatari nyingine, ya kimya, ambayo hata mtoto mwema huangukia. Siku hizi ziko programu za akili mnemba, zinazojibu kila swali kama mtu ajibuvyo. Mwanafunzi huandika swali la hesabu, jibu huja na njia yake yote, naye hulinakili katika daftari na kulala. Asubuhi daftari li safi, kichwa ki kitupu. Mwenye kutazama jibu hudhani ameelewa, kama vile mwenye kumtazama mwenziwe akiogelea anavyodhani naye ajua kuogelea. Kujua ni pale mtu anapofunika simu na kulirudia somo kwa maneno yake mwenyewe. Programu hizo zaweza kusaidia, mtoto akiziuliza, “Nimekosea wapi?” baada ya kujaribu kwanza, zaharibu, akiziuliza kabla hajajaribu. Tena hukosea mara nyingine kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Jibu lake lilinganishwe na kitabu.

Kanuni za nyumbani

Basi, turudi kwa yule mzazi wa Goweko. Afanye nini na simu yake ya magunia mawili?

Kwanza, aweke saa. Simu ya kujifunzia iwe na wakati wake, tuseme saa moja jioni baada ya kazi za nyumbani, na isomwe sebuleni mbele ya watu. Saa ikiisha, irudi kwa mzazi. Usiku isilale na mtoto.

Pili, aweke wenzi. Binti asome na jirani zake wawili au watatu wa darasa lake. Simu moja yawatosha wanne, kama redio moja ilivyowatosha watu wa kikundi kizima. Hata gharama hupungua wazazi wakichangia kifurushi. Tena, vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Na masomo yanayoruhusiwa kupakuliwa yahifadhiwe katika simu siku ya kwenda mjini, ambako mtandao una nguvu, kisha yasomwe nyumbani bila kununua kifurushi kila siku.

Tatu, aweke msimamizi. Hapa wazazi wengi husema, “Mimi sikusoma, nitamsimamiaje?” Akina mama wa vijiji vya Tanga hawakuwa walimu. Mzazi asiyejua hisabati aweza kuuliza, “Leo umejifunza nini? Hebu nieleze.” Mtoto akieleza vizuri, amejifunza; akibabaika, arudi kusoma. Penye ugumu, kikundi kiandike swali na kumpelekea mwalimu wa shule kesho yake. Tena tusisahau: mzazi ashindaye usiku akitazama vichekesho katika simu hana kinywa cha kumwambia mwanawe, “Acha simu.”

Nne, aweke kazi. Kila somo liishie katika daftari kwa hesabu tano zilizofanywa bila kutazama. Na watu wazima hali kadhalika. Mfugaji wa nyuki ajifunzaye namna ya kuvuna asali bila kuunguza mzinga, avune hivyo msimu huu. Mkulima aonaye dawa ya mimea katika simu amwulize kwanza bwana shamba, kwa sababu si kila asemaye mtandaoni ni mtaalamu. Kisha ajaribu katika robo eka kabla ya kuitia shamba zima. Somo lisiloingia mkononi hutoka kichwani.

Kwa njia hiyo wengi waliodhani wamechelewa waweza kupata nafasi. Binti aliyekatishwa masomo kwa kupata mtoto, ambaye Serikali ilimfungulia mlango wa kurudi shuleni mwezi wa Novemba 2021, aweza kujikumbusha masomo yake huku akinyonyesha, akiwa na shangazi wa kumtia moyo. Kijana aliyekosa nafasi ya chuo aweza kujifunza misingi ya ufundi kabla hajaenda kwa fundi. Lakini hatudanganyi mtu: simu haimpi fundi mkono mwepesi. Mkono hufundishwa na kazi.

Maneno ya mwisho

Upimaji u karibu, na yule binti hawezi kungoja hata nchi iwe na walimu wa hisabati wa kutosha. Hawezi pia kuokolewa na simu iliyotupwa mikononi mwake kama jembe lisilo na mpini. Baba yake amekwisha kutoa magunia mawili. Sasa atoe na jioni zake. Hiyo ndiyo nusu ya pili, nayo haiuzwi dukani.

Wasomaji wetu, jioni ya leo tukae nyumbani tuulizane: Simu zetu ngapi, na juma hili zimetufundisha nini? Nani katika jirani zetu ana mtoto anayesoma peke yake, aitwe asome na wetu? Na ni saa gani ya jioni tutakayoiweka kwa ajili ya kujifunza? Tukiweza kujibu maswali haya matatu na kuyatenda, tutakuwa tumekwisha kuutua mzigo wa mpagazi na kuanza kusoma kilichomo ndani.