Gari Likilala Upande Baada ya Kufungwa Springi Mpya

Njia za vumbi za Momba na Ileje zimewafanya wengi wa Songwe wanyanyue magari yao: springi ndefu kwenye Prado, shokapu mpya kwenye Noah, pleti za ziada nyuma ya Hilux ya kubebea kahawa. Kazi ikiisha, gari likashuka kwenye jeki, mwenye gari hurudi nyuma hatua chache na kuona upande wa kulia umelala. Ushauri wa haraka huwa ni kuweka spesa. Mimi ningeiweka mwisho kabisa, kwa sababu mara nyingi springi hazina kosa. Kosa liko kwenye ufungaji.

Anza kwa kupima, na upime kwa futi kamba, si kwa macho. Gereji nyingi za Tunduma zina uwanja wa udongo wenye mabonde, na hata sakafu ya zege ya kituo cha mafuta hujengwa na mteremko mdogo wa kutoa maji. Dawa yake ni hii: pima, andika, kisha geuza gari litazame lilikotoka, lisimame palepale, upime tena. Ikiwa ulalo umehamia upande wa pili, tatizo ni sakafu na gari lako ni zima. Kabla ya hapo sawazisha upepo wa matairi, shusha mzigo wote, na usikae ndani. Kipimo kianzie katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda. Ukipima kutoka chini, tairi lililolika litaingia kwenye hesabu. Fenda nazo zina uongo wake, hasa kwenye gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa, kwa hiyo hakikisha pia kwa kupima kutoka kwenye boliti mbili zinazofanana za chesesi, kulia na kushoto, hadi sakafuni. Tofauti isiyofika sentimita 1 nisingehangaika nayo.

Ikizidi hapo, mshukiwa wa kwanza ni bushi. Bushi nyingi za amu zina raba iliyoshikana na chuma cha ndani na cha nje, kwa hiyo haizunguki, hujipinda tu. Fundi akikaza boliti wakati magurudumu yananing'inia, raba inafungwa katika mkao huo wa kuning'inia. Gari likishuka, raba inapindika na kusukuma bodi juu, na kwa kuwa kulia na kushoto hazikukazwa katika mkao mmoja, upande mmoja unasukumwa zaidi. Kuendelea kuliendesha gari hivyo hakuliponyi, ila kunachana raba kabla ya wakati. Weka vizuizi kwenye magurudumu, legeza boliti za amu gari likiwa limesimama kwa matairi yake, fungua na linki za stabilaiza, ondoa vizuizi, lisukume mbele na nyuma mita chache, virudishe, litikise kila kona, kisha kaza kila kitu likiwa limebeba uzito wake. Kwenye springi za pleti fanya vivyo hivyo kwa boliti za macho ya springi na shako. Linki za stabilaiza zirudi bila kulazimishwa. Ukihitaji mtaimbo kuingiza moja, hapo pana kitu kimepinda au linki hazilingani urefu.

Bado limelala? Tazama springi zenyewe. Ncha ya koili inatakiwa ikae kwenye kijingazi cha kikalio chake, na raba ya juu iwepo pande zote mbili. Soma alama pia. Seti nyingi za Land Cruiser na Prado zina koili ya kulia na ya kushoto zenye urefu tofauti kidogo, ndefu ikiwa ya upande mzito. Seti iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za usukani wa kushoto inaweza kuwa kinyume cha gari letu.

Halafu kuna swali ambalo mafundi wengi hulipita: je, ulalo unatoka mbele au nyuma? Kona moja ya nyuma ikiwa juu, huikandamiza kona ya mbele ya upande wa pili, na wewe utahangaika na springi isiyo na hatia. Kwa gari lenye ekseli nzima nyuma, ingiza jeki katikati kabisa ya ekseli, chini ya difu, na unyanyue mpaka matairi ya nyuma yaachane na ardhi. Sasa nyuma inaweza kuegemea popote. Mbele ikikaa sawa, ugonjwa uko nyuma. Isipokaa sawa, uko mbele. Usilale chini ya gari wakati huo.

Hiace ina habari yake. Mbele haina koili bali tosheni baa, zile fimbo za chuma zinazopita chini ya bodi, na kimo hurekebishwa kwa boliti iliyo mwisho wa kila fimbo. Nyanyua mbele kwanza ili uzi wa boliti usiliwe. Punguza upande wa juu nusu ya tofauti na uongeze wa chini nusu, zungusha gari mtaani, pima tena. Fimbo ya kulia haifungwi kushoto.

Yote yakishindikana, weka spesa, lakini jua hesabu yake. Kwenye Noah, spesa ya milimita 10 juu ya shokapu ya mbele inanyanyua karibu milimita 10. Kwenye Prado, ambako shokapu imekaa katikati ya amu, hiyohiyo inaweza kunyanyua karibu milimita 20.

Baada ya hapo ni alaimenti na kushusha taa, ambazo sasa zinawachoma macho wanaokuja. Kwenye Hilux na Hiace za zamani angalia pia vali ya breki za nyuma, ile yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Nyuma ikinyanyuliwa, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, hata kama kuna magunia ya kahawa na unateremka mlima wa Senjele. Kipandishe kishikio cha fimbo hiyo kilicho kwenye ekseli kwa kadiri ulivyonyanyua, kisha jaribu breki kwa mwendo mdogo kwenye njia ya vumbi isiyo na watu.