Huduma ya Kiroho kwa Mgonjwa wa Saratani

Mkazi wa Singida anayeandikiwa tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road husafiri takriban kilomita 700 hadi Dar es Salaam, na mara nyingi hukaa huko kwa wiki kadhaa. Nyuma yake hubaki shamba la alizeti, jamaa, na pia padri, mchungaji au sheikh aliyezoea kumsikiliza. Upungufu huo hauandikwi katika barua ya rufaa, ilhali humlemea mgonjwa kama maumivu yanavyomlemea.

Shirika la Afya Duniani, linapoeleza tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwenye maradhi mazito na ya jamaa zake, hutaja mahitaji ya kiroho pamoja na ya mwili. Kwa hiyo mgonjwa hakosi adabu akimwambia muuguzi, "Naomba kiongozi wa dini yangu aitwe." Vivyo hivyo, aliyelazwa katika hospitali inayomilikiwa na kanisa, kama Iambi au Makiungu hapa mkoani, ana haki ya kubaki na imani yake.

Swali linalowatesa wengi ni hili: "Nimekosa nini?" Kitabibu, saratani haitokani na laana wala kurogwa. Ile ya shingo ya kizazi, kwa mfano, karibu kila mara huanzia kwa kirusi cha HPV, ambacho watu wengi hukipata maishani bila kujua. Anayekuja kufariji, basi, asimhoji mgonjwa juu ya dhambi zake. Akae, asikilize, na mgonjwa asiyetaka kuombewa siku hiyo aheshimiwe.

Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa si tangazo la kifo. Hutolewa kwa mwenye ugonjwa mzito, na unaweza kurudiwa hali ikizidi. Mgonjwa Mwislamu ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani, na huweza kuswali akiwa ameketi au amelala. Tunalisisitiza hili la funga, kwani mofini ya maji ya kutuliza maumivu kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, wala haiwezi kusubiri magharibi.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ndogo. Hasara iliwaangukia walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Maombi na dawa huenda pamoja. Anayekutaka uchague kimojawapo, au anayedai fedha, mbuzi au ng'ombe ili akuponye saratani, usimlipe. Mweleze daktari wako. Mganga wa tiba asili naye hupaswa kusajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Omba kuona cheti chake, ingawa cheti hicho si ushahidi kwamba dawa yake inaponya saratani.

Kabla ya safari ya rufaa, jamaa wamuulize mgonjwa mwenyewe, kisha waandike katika karatasi moja: jina na simu ya kiongozi wake wa dini, sala au nyimbo azipendazo, vyakula asivyokula kwa sababu ya imani yake, na watu asiotaka wamwombee. Karatasi hiyo ibanwe pamoja na barua ya rufaa, na nakala yake abaki nayo anayemuuguza.