Kurudia mchezo wenye miisho mingi: Ni usomaji au ni kupoteza wakati?

Miongoni mwa lawama tunazowatupia vijana wetu kuhusu michezo ya kompyuta, ipo moja ambayo mimi mwenyewe nimeitoa mara nyingi na kwa sauti kubwa. Nayo ni lawama ya kurudia. Kijana amemaliza mchezo, ameuona mwisho wake, kisha kesho yake unamkuta ameuanza tena tangu mwanzo: watu wale wale, vyumba vile vile, maneno yale yale. Mzazi anauliza, hivi mtu mwenye akili timamu husoma barua moja mara sita ili iweje?

Swali hilo nilimuuliza mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akiishi kwetu akiwa mwaka wa pili chuoni. Sikusubiri jibu. Nilimwamuru afunge kompyuta, na kwa hasira za siku ile nilikaribia kuufuta mchezo wenyewe pamoja na yote aliyokwisha kuyahifadhi. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, sirudii. Naendelea." Nikaona ananifanyia ubishi wa kisomi.

Siku mbili baadaye, nikitafuta kalamu mezani kwake, nikafungua daftari. Lilikuwa limegawanywa safu tisa, kila safu na jina la mtu mmoja. Chini ya kila jina ameandika huyu alisema nini, akiwa chumba gani, na nani hakuwepo aliposema. Huyu ndiye kijana tuliyekuwa tukilalamika kwamba hajui kuandika notisi darasani! Nikaona haya. Nilikuwa nimehukumu jambo nisilolijua, nami mtu mzima. Ndipo nikaketi naye anionyeshe, kisha nikaucheza mwenyewe, na makala hii imetokana na hapo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Hii si michezo ya kukimbiza magari wala ya kupiga risasi. Ni riwaya inayosomwa kwenye kioo, yenye picha za wahusika, sauti na muziki, ambayo kila baada ya kurasa kadhaa humsimamisha msomaji na kumuuliza: utafanya nini? Ukichagua hili, hadithi inakwenda huku. Ukichagua lile, inakwenda kule. Kwao ni Japani. Mwaka 1983 Yuji Horii, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa mchezo wa Dragon Quest, alitoa kisa cha upelelezi wa mauaji kilichoitwa Portopia Renzoku Satsujin Jiken, na wengi humtaja kuwa mmoja wa waliofungua njia hii. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ikatoa Otogirisō, hadithi ya kutisha ya vijana wawili ndani ya jumba lililo peke yake. Humo kila ukimaliza na kuanza upya, machaguo ambayo hayakuwepo mara ya kwanza hujitokeza, na hata asili ya kisa chenyewe hubadilika. Yaani waliotunga walitaka tangu mwanzo kwamba mtu arudi. Kusoma mara moja ni sawa na kuingia sebuleni ukaondoka ukidhani umeiona nyumba nzima.

Mwaka 1994 kampuni hiyo hiyo ikatoa Kamaitachi no Yoru, iliyoandikwa na mtunzi wa riwaya za upelelezi, Takemaru Abiko. Wageni wamekwama katika nyumba ndogo ya kulala wageni milimani, theluji imefunga njia, na mtu anauawa. Wahusika wote wamechorwa kama vivuli vya rangi ya samawati, bila sura, kwa hiyo huwezi kumtuhumu mtu kwa uso wake. Ukizubaa, wanakufa mmoja baada ya mwingine. Na unapofika wakati wa kumtaja muuaji, huwekewi orodha ya majina uchague kwa kubahatisha. Unatakiwa uliandike jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Asiyejua hana cha kuandika.

Hapo ndipo kurudia kunapopata maana. Mara ya kwanza unasoma mazungumzo ya wageni wale kama porojo za watu waliokutana safarini. Mara ya pili, ukiwa umekwisha kuona maiti, porojo zile zile zimekuwa ushahidi. Hakuna neno lililobadilika kwenye kioo. Kilichobadilika ni yule anayesoma.

Lakini mchezo ulionifundisha zaidi ni ule wa daftari la mpwa wangu. Jina lake ni Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors, kazi ya mtunzi Kotaro Uchikoshi, uliotoka Japani mwaka 2009 kwa mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo DS. Watu tisa wametekwa na kuamkia ndani ya meli. Kila mmoja amefungwa mkononi kitu kama saa chenye namba yake, kuanzia 1 hadi 9. Aliyewateka, anayejiita Zero, amewapa saa tisa watafute mlango wa kutokea kabla meli haijazama. Sisi tunamfuata kijana aitwaye Junpei, mwenye namba 5.

Sheria ya milango ni hesabu. Wanaoruhusiwa kupita pamoja ni watu watatu hadi watano, na namba zao zikijumlishwa, kisha tarakimu za jibu zikajumlishwa tena mpaka ibaki moja, hiyo iliyobaki iwe sawa na namba ya mlango. Mathalani, mwenye 1, mwenye 5 na mwenye 8 wanafanya 14. 1 na 4 ni 5. Basi mlango namba 5 unawafungukia. Msomaji anayependa hesabu atagundua kuwa makundi mengi hayawezekani, na kwamba kumchagua mtu mmoja ni kumwacha mwingine nyuma. Watu wanagombana, wanabembelezana, wanadanganyana, yote kwa sababu ya kujumlisha.

Tazama sasa jinsi mambo yalivyopangwa. Mwanzoni kuna mlango namba 4 na namba 5. Ukipita huu, hukupita ule. Wenzako waliopita ule mwingine wameona vitu, wamesemezana mambo, pengine wamepanga njama, na wewe hukuwepo. Mkikutana tena wanakusimulia wanachotaka kukusimulia. Utajuaje wamesema kweli? Utajua utakaporudi na kupita mlango wao. Nilipofika hapo nikazielewa safu zile tisa. Kijana alikuwa akilinganisha maneno ya mashahidi.

Mimi nilichagua milango yangu kwa kujiamini kabisa, kama mtu mzima aliyesoma vitabu vingi. Junpei wangu akauawa kwa kisu, wala sikumjua aliyempiga. Nikarudi, nikapita kwingine, akauawa tena. Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni, hasemi kitu, ila nilimwona anatabasamu.

Mchezo una miisho sita, na siri yake kubwa iko hapa. Unaweza kupita milango yote iliyo sahihi, ukachagua kila jibu sahihi, na hadithi ikakatika ghafla kabla ya kufika. Kwa nini? Kwa sababu kuna mwisho mwingine, wa huzuni, ambao ni lazima uwe umekwisha kuupitia kabla. Ndani ya mwisho ule kuna jambo ambalo Junpei atalihitaji baadaye, naye hana njia ya kawaida ya kulijua. Aliyelijua ni wewe uliyeshindwa. Sitaeleza mtunzi amelipaje jambo hili sababu ndani ya kisa, maana ni kumwibia msomaji atakayependa kujaribu. Itoshe kusema kwamba amelipa sababu, na kule kurudi kwako nyuma kumbe ni sehemu ya hadithi yenyewe. Sijapata kuona riwaya ya karatasi inayoweza kufanya hivyo. Aliyebahatisha njia iliyonyooka hafiki. Aliyepotea kwanza ndiye anayefika.

Ama kuhusu namna ya kurudi, hapa ndipo nina ugomvi na vijana, na nadhani nina haki. Michezo hii ina kitufe cha kuharakisha maandishi uliyokwisha kuyasoma. Ni kitufe chenye manufaa, maana hakuna anayetaka kusoma kurasa mia tatu kwa ajili ya kurasa ishirini mpya. Lakini mingi pia ina mpangilio unaoruhusu kuharakisha hata ambayo hujayasoma. Ukiufungua huo, umekuwa mtu anayepekua kitabu kutafuta picha. Wapo vijana wanaofanya hivyo huku wamefungua pembeni mwongozo wa mtu mwingine unaowaambia hapa bonyeza la pili, pale bonyeza la kwanza, mpaka miisho yote ijazwe kwenye orodha. Wanayo miisho sita na hawana swali hata moja. Hao ndio ninaowaambia kuwa wanapoteza wakati, na ningewaambia vivyo hivyo kama wangekuwa wanakusanya vizibo vya soda.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba ule mwisho wa kwanza aufikie bila kuuliza mtu, hata ukiwa mbaya, kwa sababu huo ndio mwisho wake mwenyewe, umetokana na tabia yake. Mimi wangu ulinionyesha kuwa namwamini haraka mtu anayezungumza kwa upole. Kisha ahifadhi mahali pake kwenye kila chaguo, aache siku moja au mbili zipite, na kabla ya kurudi aandike ni jambo gani hasa hakulielewa. Anayerudi na swali husoma. Mwongozo uje mwisho kabisa, pale alipokwama kweli.

Mwaka 2017 mchezo huu ulitolewa upya kwa kompyuta na mashine nyingine, ukaongezewa mchoro wa njia unaokuwezesha kurukia moja kwa moja kwenye chaguo unalotaka. Katika toleo la 2009 ulilazimika kuanza tangu mwanzo, na mafumbo ya vyumba vilivyofungwa kuyafumbua upya. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Hata hivyo mimi nasita kidogo. Safari ile ndefu ilimlazimu mtu kupita tena mbele ya watu aliosababisha vifo vyao, wakiwa hai, wakimwamkia. Mchoro unamwezesha kuwakwepa.

Hapana shaka baadhi ya wasomaji wana wasiwasi mwingine, nao ni wa haki: je, haya hayamzoeshi mtu kusema "lau ningefanya vile"? Tumefundishwa kuhadhari na neno hilo linapokuwa la kujutia yaliyokwisha kupita, maana humfungulia shetani mlango. Nimelifikiria. Nionavyo, mtu aliye kwenye mchezo hajutii jambo alilokadiriwa. Anachunguza kisa kilichotungwa, kama mwanafunzi wa sheria anavyochunguza kesi ya kubuni. Hatari ipo kwa yule anayeanza kuona watu wa kweli nao wana kitufe cha kurudisha. Mpwa wangu nilimuuliza hilo waziwazi. Akasema kwamba tangu acheze anaogopa zaidi kujibu watu haraka, kwa sababu ameona neno moja dogo la saa ya kwanza linavyokuja kudai malipo saa ya tisa.

Wazazi wajue pia kwamba picha za katuni si dalili ya usalama. Mchezo huu niliousifu ulipewa Marekani alama ya M, maana yake wenye miaka 17 na kuendelea, kwa sababu ya damu na mauaji. Mwaka 2017 ulitoka mwingine, Doki Doki Literature Club, wa Mmarekani Dan Salvato, unaopatikana bure. Ukiutazama juu juu ni wasichana wa shule na klabu yao ya mashairi, lakini wenyewe unaanza kwa onyo kwamba haufai kwa watoto, na onyo hilo ni la kweli: ndani yake mna kujiua, na mna hila ya kufuta yale uliyoyahifadhi ili usiweze kurudi. Na katika kazi za Kijapani za aina hii zipo si chache zilizotengenezwa kwa watu wazima, zenye mambo machafu. Alama ya umri huandikwa kwenye kasha au kwenye ukurasa wa kununulia. Isomeni kabla ya kutoa fedha, na bora zaidi kaeni na kijana kwa saa ya kwanza.

Mpwa wangu amekwisha kuhitimu na kuhamia kwake. Daftari aliniachia, akidai nitalihitaji. Nimefikia miisho mitano. Wa sita najua milango yake, maana ameiandika yote kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa mwisho, na ukurasa huo nimeubana kwa klipu ili nisiusome.