Kibanja Angani: Namna ya Kuanza Gemu ya Himaya za Nyota

Mara ya kwanza nilipofungua FreeOrion sikumaliza hata zamu kumi. Skrini ilijaa nyota, mistari ya rangi, namba za kijani na nyekundu, na madirisha yaliyofunguka juu ya madirisha mengine. Nikaifunga, nikarudi kwenye drafti. Aliyenirudisha ni mpwa wangu wa Nkwenda, aliyekuja kwangu Kayanga likizo ya Desemba na kompyuta mpakato kuukuu iliyong'oka vitufe viwili. "Mjomba," akaniambia, "unataka kuyajua yote siku moja. Mbona shamba hulimi hivyo?" Nawaandikia walio Karagwe na Kyerwa waliokwama pale nilipokwama mimi siku ile.

Kwanza aina yenyewe ya gemu. Mwaka 1993 mwandishi wa magazeti ya michezo ya kompyuta, Alan Emrich, akiielezea Master of Orion kabla haijatoka, aliipa jina la X nne kutokana na maneno manne ya Kiingereza. Kwa Kiswahili yanaangukia vizuri kwenye T nne: tafuta, tanua, tumia, teketeza. Unaanza na sayari moja, unapeleleza nyota za jirani, unaweka watu wako huko, unavuna, na mwishowe unakutana na wengine waliokuwa wakifanya hivyo hivyo. Stellaris ya kampuni ya Paradox ya Sweden, iliyotoka mwaka 2016, ni ya ukoo huohuo na ina mashabiki wengi, ila inauzwa na inataka mashine yenye nguvu. FreeOrion imechota mawazo yake kutoka Master of Orion, ni bure kabisa, na ukishaipakua haihitaji bando tena. Ichukue kwenye tovuti yao yenyewe, freeorion.org. Ukifika mahali wanapokudai hela ili uipakue, ujue umepotea njia. Flashi ya rafiki nayo usiiamini kabla ya kuikagua kwa programu ya kuzuia virusi.

Kwa nini naisifia kwa watu wa huku? Kwa sababu ni ya zamu. Ulimwengu wote unasimama mpaka ubonyeze kitufe cha zamu, kama bao lilivyotulia mpaka mkono uingie shimoni. Unaweza kuondoka, ukakata majani ya ng'ombe, ukarudi, na adui bado anakungoja. Umeme nao tunaujua: kwenye mipangilio washa kujihifadhi kwenyewe, usije ukapoteza jioni nzima kwa sekunde moja.

Kabla ya kuanza utaulizwa maswali mengi. Weka nyota kama 40, wapinzani wawili, na ukali wao ushushe hadi chini kabisa. Madubwana, yanayoitwa Monsters, yawe machache. Ramani ndogo inafaa akili ya mwanafunzi, na inaifaa pia kompyuta kuukuu, maana kila nyota unayoongeza ni hesabu zaidi kwa mashine. Kisha kubali tangu mwanzo kwamba mchezo huu wa kwanza utashindwa. Mimi nilishindwa mitatu.

Sasa sayari yako kuu. Ione kama kibanja. Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa tofauti ya kibanja na rweya: kibanja kiko mlangoni, ndiko samadi na majani yanakokwenda, ndiyo maana migomba na mibuni yake inalisha nyumba, rweya ni nyasi za mbali zisizotunzwa. Gemu hii ni vivyo hivyo. Kila sayari yenye watu hupewa kazi moja, iliyoandikwa Focus, na kwa mwanzo zinazokuhusu ni tatu: Industry ni uzalishaji, Research ni utafiti, Influence ni ushawishi. Sayari kuu iache kwenye uzalishaji. Anayeanza hupenda kuibadilisha badilisha kila zamu. Usifanye hivyo, kwa sababu sayari ikihamishwa kazi namba zake hupanda polepole, na kila ukigeuza unarudi nyuma.

Una meli mbili za upelelezi. Zitume pande tofauti na uziweke katika hali ya Passive ili zijifiche badala ya kupigana. Una pia meli moja ya walowezi. Weka kishale juu ya sayari za karibu na usome idadi ya watu itakayoweza kuishi pale: ikiwa ya kijani, peleka, ikiwa nyekundu, walowezi wako watapungua hadi waishe. Usiizungushe meli hiyo zamu ishirini ukitafuta pepo.

Kwenye foleni ya uzalishaji ongeza mpelelezi mmoja, kisha weka meli za Outpost, yaani kituo kisicho na watu. Hapa kuna jambo lililonichanganya sana. Kila kitu kwenye foleni kina zamu zake za chini kabisa, na huwezi kukimiminia nguvu zote ili kiishe kesho. Mbuni wa robusta hauzai mwezi ujao hata uumwagie lori zima la samadi. Kwa hiyo panga vitu vitatu vinne kwa pamoja. Ukiweka kimoja tu, nguvu nyingi itabaki bila kazi.

Kwenye utafiti usijitese. Tanguliza Algorithmic Elegance, Robotic Production na Symbiotic Biology: ya kwanza inakuza utafiti, ya pili uzalishaji, ya tatu idadi ya watu. Mengine yapange nyuma yake kwenye foleni.

Sasa nifike kwenye moyo wa gemu, ambao mafunzo mengi hupita haraka. Nao ni ugavi, kwenye skrini Supply. Kila sayari na kila kituo chako hutandaza eneo la rangi yako kwenye ramani. Ndani ya eneo hilo meli zako hujazwa mafuta. Nje yake, kila unaporuka kutoka nyota moja hadi nyingine unakula mafuta, na yakiisha, meli inakaa hapo ilipo ikirudishiwa tone kwa tone.

Watu wa Karagwe wana mfano wake katika historia yao. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Tabora kwenda Buganda ilipitia hapa, na kituo chao kilikuwa Kafuro, karibu na ikulu ya mfalme Rumanyika huko Bweranyange. Kafuro hakikuwa mji mkubwa. Thamani yake ilikuwa kwamba mtu aliyetoka Tabora alifika hapo, akapumzika, akapata chakula na habari, kisha akaendelea. Bila kituo kile, safari ya Buganda ingekuwa ya kubahatisha. Outpost ndiyo Kafuro yako. Haina watu wa kulisha, karibu haikugharimu kitu kuitunza, lakini inasogeza mpaka wa rangi yako mbele. Ukifikia tekinolojia ya Orbital Construction, mpaka huo unapanuka tena. Mwanzoni nilijenga meli za vita nikaziacha zikikauka mafuta mbali na nyumbani, na huku mpwa wangu akisogea kituo kwa kituo, bila risasi, mpaka akanizunguka.

Mfano mwingine ni wa Waingereza wawili, Speke na Grant, waliofika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe miezi kadhaa, na Speke akaenda Buganda kwa mfalme Mutesa bila yeye. Grant ni ile meli ya upelelezi iliyoishiwa mafuta: bahati yake aliishiwa akiwa kwa mwenyeji mkarimu. Na Speke mwenyewe hakuondoka kwa nguvu za bunduki. Ilibidi asubiri njia ifunguliwe kwa mazungumzo ya wafalme. Hilo linatupeleka kwenye ushawishi.

Ushawishi ndio unaoua himaya za wanaoanza. Katika toleo la 0.5 kila koloni unaloongeza hukupunguzia ushawishi kila zamu. Na sera unazozichagua kwenye dirisha la Government hazinunuliwi mara moja. Ni kama chumba cha kupanga, kodi inadaiwa zamu baada ya zamu. Zamu ya kwanza chukua Propaganda, inayokuongezea kidogo. Kisha koloni lako la kwanza au la pili lenye watu lipe kazi ya Influence, hata kama roho inakuuma kulikosa kwenye uzalishaji. Akiba ikishuka chini ya sifuri, watu wananung'unika, uzalishaji unaporomoka, na sayari zinaweza kuasi. Jamii nazo zina vitu zinavyopenda na zinavyochukia: soma ukurasa wa watu wako kwenye Pedia, kamusi ya ndani ya gemu, kabla ya kuwabebesha sera wasiyoitaka.

Vita niiseme kwa ufupi, maana ukifika huko umeshahitimu nusu. Ngao hupunguza kila risasi inayoingia, kwa hiyo bunduki dhaifu kumi dhidi ya ngao nene zinaweza zisiharibu kitu. Fananisha namba za silaha zako na ngao za adui kwanza, halafu ndipo utume kikosi, na kikosi kiende kwa pamoja. Ukikuta nyota inayolindwa na kitu kinachoitwa Sentry, ipite mbali. Hakihami, na kwa zamu za mwanzo si saizi yako.

Kikwazo kikubwa kwa vijana wetu, kwa maoni yangu, ni Kiingereza kuliko hesabu. Mpwa wangu aligundua kwamba maneno ya gemu yamo kwenye faili za maandishi matupu, kila lugha na faili lake, zinazofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Tumeanza kutengeneza la Kiswahili, mistari michache kila jioni, yeye kule Nkwenda na mimi hapa, tukitumiana kwa simu. Supply tumekubaliana ni ugavi. Kwenye Outpost tumekwama: mimi nataka kituo, yeye anasema kituo ni cha polisi na cha basi, bora kambi. Jana amenitumia neno la tatu. Anataka iitwe kafuro, kwa herufi ndogo.