Kumpata Mtu wa Duka: Hesabu Kabla ya Undugu

Katika maduka ya jumla ya Mchafukoge, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, bei ya vitenge, vyombo na vipuri hufuatiliwa kila siku. Mwenye duka anajua robota limepanda kwa kiasi gani na nani ameteremsha bei Barabara ya Uhuru. Gharama moja, hata hivyo, mara nyingi haiingizwi katika hesabu: gharama ya kumkabidhi ufunguo mtu asiyefaa. Somo la wiki hii linahusu namna ya kuajiri muuzaji, karani au mtunza stoo kwa mfanyabiashara asiye na ofisi ya utumishi.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa duka la rejareja linalouza Sh. 600,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa faida ghafi ya asilimia 10. Faida hiyo ni Sh. 60,000 kwa siku, sawa na Sh. 1,560,000 kwa mwezi. Ukitokea upotevu wa asilimia 2 tu ya mauzo, Sh. 12,000 zinapotea kila siku. Mwisho wa mwezi ni Sh. 312,000, yaani moja ya tano ya faida ghafi, kabla ya kodi ya pango, mishahara na ushuru.

Upotevu huo si lazima uwe wizi. Bei iliyotajwa kimakosa, mkopo ambao haukuandikwa, katoni iliyopokelewa pungufu na malipo ya simu yaliyosadikiwa kabla ya kuthibitishwa, vyote hula mtaji uleule. Kwa hiyo mwajiri anayeuliza swali moja tu, "Je, ni mwaminifu?", ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni kama mtu huyo anaiweza kazi, na kama kuna njia ya kuipima.

Kazi kwanza, mtu baadaye

Kosa la kwanza hufanyika kabla mtu hajatafutwa. Mwenye duka husikia kuwa kuna mtoto wa ndugu yuko nyumbani tu, naye humleta mjini bila kuamua atafanya nini na atalipwa kiasi gani. Ndugu anaweza kuwa mfanyakazi bora, na maduka mengi yamejengwa na ndugu. Hatari ni kwamba undugu huzuia maswali. Hesabu isipotimia, mwenye duka anaona haya kuuliza kwa kuogopa maneno ya ukoo, na kijana anaona haya kudai mshahara kwa sababu anakula na kulala pale. Miezi inapita, kila mmoja ana kinyongo na mwenzake, na daftari halina jibu.

Inafaa kuandika kazi zenyewe kwanza, hata kwa mistari sita. Muuzaji wa kaunta ajue bei, kiwango cha mwisho cha kupunguza, kutoa risiti ya EFD kwa kila mauzo, na kuthibitisha malipo ya simu kabla ya kutoa mzigo. Mtunza stoo ajue kulinganisha ankara na mzigo, kuandika kinachoingia na kinachotoka, na kukataa kusaini asichokihesabu. Hizi ni kazi mbili tofauti. Mchangamfu anayefaa kaunta huenda asifae stoo kabisa.

Wapi pa kumtafuta

Zaidi ya ndugu na jirani, wapo mawinga wanaoleta wateja madukani. Winga aliyeleta wateja kwa miezi kadhaa amekwisha kupimwa: lugha yake kwa mteja inajulikana, na inajulikana kama hutaja bei moja kwa mteja na nyingine kwa mwenye duka. Huduma za ajira za serikali nazo huwaunganisha watafuta kazi na waajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, pamoja na ule unaomhusu mtu anayeomba kazi tu. Kabila, mahali mtu atokako, dini, jinsia, ujauzito na ulemavu vimo katika orodha hiyo. Mwenye duka anayetaka "watu wa kwao" pekee anajiweka katika hatari ya kisheria, na pia anajinyima sehemu kubwa ya soko la kazi.

Jaribio la saa moja

Mazungumzo peke yake hayatoshi. Mwombaji wa stoo apewe ankara ya katoni 24 na mzigo wa katoni 23, kisha aachwe apokee. Anayehesabu na kusema "imepungua moja" amejibu swali. Anayesaini kwa sababu mleta mzigo ana haraka naye amejibu. Mwombaji wa kaunta apewe mauzo kumi ayajumlishe, arudishe chenji, kisha akabiliane na mteja anayetaka bei ya chini ya kiwango. Akifanyishwa kazi siku nzima kwa majaribio, alipwe siku hiyo.

Kitambulisho cha Taifa, barua ya serikali ya mtaa na mdhamini ni mambo ya lazima, lakini mipaka yake ieleweke. Mdhamini anaeleza mtu anaishi wapi na ni wa nani. Hajui kama anaweza kufunga hesabu jioni. Hilo anajua mwajiri wa zamani, na inafaa kumfuata dukani kwake na kumuuliza: "Akirudi leo, utamchukua?" Jibu likichelewa, ni vizuri kuuliza tena.

Maandishi na siku ya kwanza

Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yake, mahali, tarehe ya kuanza, saa na malipo. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akakosa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Kipindi cha majaribio, kwa kanuni za mwaka 2007, kisizidi miezi 12. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya nusu yake.

Siku ya kwanza mali ihesabiwe na wote wawili, na wote wasaini. Bila hesabu ya makabidhiano hakuna upungufu unaoweza kuthibitishwa baadaye. Wenye maduka wengi hujikwaa hapa: mali inapungua, kijana anakatwa mshahara wote, na kesi inaonekana imekwisha. Sheria hairuhusu hivyo. Makato ya hasara yanaruhusiwa tu ikiwa hasara imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, amearifiwa kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, naye amepewa nafasi ya kupinga. Hata hapo makato yasizidi robo ya malipo yake. Kijana aliyekatwa vyote ana njia ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na asipoifuata, bado atahitaji kula, na droo ya fedha iko karibu.

Kwa mwenye mtaji asiyekaa dukani

Mwekezaji mdogo anayeweka fedha katika duka la mwenzake aulize mambo matatu kabla ya kutoa shilingi: nani anashika ufunguo, mali ilihesabiwa lini mara ya mwisho, na anayepokea mzigo ndiye pia anayepokea fedha? Mtu mmoja akishika vyote bila wa kumkagua, hata aliye mwaminifu hana njia ya kuonyesha uaminifu wake siku atakaposhukiwa.

Hesabu ya kila wiki humlinda mwenye duka dhidi ya hasara na humlinda mfanyakazi dhidi ya tuhuma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi mfanyakazi mzuri hupotea pamoja nayo.