Kondoo Kuvimba Taya: Dawa Si Moja

Kondoo akikonda, ndani ya kope pakawa peupe, na uvimbe laini ukaning'inia chini ya taya, wengi hukimbilia dukani kuitisha "dawa ya minyoo" tu. Hapo ndipo pesa ya kikundi hupotea. Levamisole huua minyoo wa tumbo, lakini mnyoo wa ini haimgusi. Albendazole huua wale waliokomaa peke yao, tena kwa kipimo kikubwa kuliko cha kawaida. Triclabendazole huua wakubwa na wachanga pia. Kwa hivyo someni kibandiko kabla ya kulipa.

Mnyoo huyu ni bapa kama jani. Mayai yake hutoka na mavi, huanguliwa majini, na mtoto wake huingia ndani ya konokono mdogo wa kinamasi. Humo huzaana sana, kisha hutoka na kujibandika kwenye nyasi za ukingoni. Kondoo akizila, wachanga hutoboa ini; wakiwa wengi, mnyama hufa ghafla kabla hata ya kukonda.

Minyoo wa tumbo wanaonyonya damu nao huleta uvimbe huo huo wa taya. Basi kondoo akifa, mwiteni afisa wa mifugo apasue ini mbele yenu. Na mkishawapa dawa waliobaki, zibeni njia ya kinamasini kwa miiba, mkawanyweshe kwa karai.